Alikagua visima vya baharini, cha nyumbani kikampita

Ilikuwa saa tano usiku, Oktoba 2022. Maduka ya Mtaa wa Swahili, Kariakoo, yalikuwa yamefungwa lakini mtaa wenyewe haujalala. Makuli walikuwa wanashusha mzigo uliotoka bandarini, na jenereta la duka la simu lilikuwa linaunguruma. Ghorofa ya tatu, kwenye sebule ambayo usiku hugeuka chumba cha kulala, binti wa miaka 26 alikuwa amekaa mbele ya kompyuta mpakato aliyoiweka juu ya meza ya cherehani ya mama yake. Kwenye kioo kulikuwa na mistari mitatu iliyopindapinda, ikishuka kutoka juu hadi chini kama nyuzi za kitambaa kilichofumuka.

Mama yake, anayeuza vitambaa vya majora Mtaa wa Uhuru, alipita kwenda jikoni na kuuliza swali alilokuwa ameliuliza kwa miezi.

"Leo umefika mita ngapi?"

"Mia mbili na kumi, mama."

"Na huko chini kuna nini?"

"Chokaa. Chokaa na matope."

Mama akacheka. Angekuwa anatafuta dhahabu au gesi, ingekuwa rahisi kumweleza. "Mwanangu anachimba chokaa ya Maldivi akiwa Kariakoo," alikuwa akiwaambia wateja wake, na wateja hawakujua wacheke au wampe hongera. Watoto wa majirani zake sokoni wamesomea uhasibu, ualimu, uuguzi. Kazi ambazo mzazi anaweza kuzitaja kwenye harusi na watu wakaelewa kabla pilau haijapoa. Hii ya binti yake ilihitaji pilau ipoe kabisa.

Mjomba wa binti huyo, ambaye ndiye aliyemalizia ada yake ya chuo baada ya baba kufariki, hakuwa anacheka. "Miaka yote hiyo ya chuo ili ukae unanyoosha mistari?" alikuwa akimuuliza kila anapokuja. Alitaka binti aache, ashike duka la pili ambalo walikuwa wanalifikiria kulifungua.

Namba zinazotoka shimoni

Binti huyo alisomea jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na alikuwa anaandika tasnifu ya shahada ya uzamili. Hajawahi kupanda chombo kikubwa kuliko boti ya Zanzibar. Namba alizokuwa anazifanyia kazi zilikusanywa na watu wengine, mwishoni mwa mwaka 2015, wakati meli ya utafiti ya JOIDES Resolution ilipotoboa sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Maldivi.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1978 kwa ajili ya kutafuta mafuta, ikaanza kazi ya sayansi mwaka 1985, na mwaka 2024 ilimaliza safari zake baada ya Marekani kuacha kuigharamia. Kabla yake ilikuwepo nyingine, Glomar Challenger, ambayo mwaka 1972 ilipita kwenye bahari yetu hii na kuchimba mbele ya pwani ya Kenya, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 4,000. Kinachopatikana kwenye safari hizi hakifungiwi kabatini. Wanasayansi waliokuwa melini hupewa muda mfupi wa kuanza wao, kisha kila kitu huwekwa wazi kwa dunia nzima, na mwanafunzi wa Kariakoo mwenye bando la usiku anaweza kukipakua bila kumlipa mtu.

Alichagua Maldivi kwa sababu ya upepo. Kusi na kaskazi, zile pepo za msimu zilizokuwa zikileta majahazi Kilwa na Zanzibar na kuyarudisha, zimeacha alama kwenye matope ya bahari. Uchimbaji wa Maldivi ulionyesha kwamba mikondo ya maji inayosukumwa na pepo hizo ilianza kwa nguvu karibu miaka milioni 13 iliyopita, na ilianza kwa ghafla. Kwa mtoto aliyekulia mji wa pwani, anasema, hiyo ni kama kupata cheti cha kuzaliwa cha mtu wa nyumbani.

Kazi yenyewe iko hivi. Meli ikishachimba, huvuta juu vipande virefu vya udongo na mwamba, lakini si vyote hufika salama. Vingine hupasuka, vingine hubaki chini. Kwa hiyo vifaa hushushwa kwa kebo ndani ya shimo, kisha huvutwa polepole kwenda juu vikipima kuta zake karibu kila sentimita 15. Kimoja hupima miale ya gama inayotoka kwenye udongo wenyewe. Udongo wa mfinyanzi kwa kawaida hutoa mingi, mchanga safi na chokaa hutoa michache. Kingine hupima jinsi umeme unavyopita: maji ya chumvi huupitisha kirahisi, maji baridi huuzuia. Kingine kina mikono inayofunguka kupima upana wa shimo, kwa sababu mahali ambapo ukuta umebomoka vipimo vingine huharibika na havifai kuaminiwa.

Na hapo ndipo kazi yake huanza, maana namba zikitoka shimoni huwa hazijatulia. Kebo hurefuka kwa uzito. Meli hupanda na kushuka na mawimbi, ingawa ina mtambo wa kupunguza mtikisiko huo. Vifaa hushushwa zaidi ya mara moja, na tabaka lilelile la udongo linaweza kuonekana kwenye kina fulani mara ya kwanza na kwenye kina kingine kidogo mara ya pili. Kwa kuwa kipimo cha gama hushuka na kila safari ya kebo, mkaguzi huchukua vilima vya gama vya safari hizo, akavisogeza mpaka vilingane, na vipimo vingine vikasogea pamoja navyo. Ni kazi ya macho na subira. Watu waliokuwa melini walishaifanya, lakini chuo kilimtaka airudie mwenyewe tangu mwanzo, ili ajue kila namba kwenye tasnifu yake imetoka wapi.

Usiku mmoja mama alisimama nyuma yake akaona -999.25 imejipanga mstari baada ya mstari.

"Hasara yote hii ya nani?"

"Si hasara, mama. Hapo kifaa hakikupima kitu. Wanaandika namba ambayo haiwezi kutokea, ili mtu asije akadhani ni kipimo."

Mama alifikiri kidogo. "Kama mimi ninavyoandika 'hajaja' kwenye daftari la wadeni. Siandiki sifuri. Nikiandika sifuri nitasahau na kudhani ameshalipa."

Binti anasema mwalimu wake chuoni hakuwahi kulieleza vizuri namna hiyo.

Lakini jambo ambalo mama alilielewa kuliko yote ni lile la sifuri. Melini, kina huhesabiwa kuanzia kwenye sakafu ya mtambo wa kuchimbia, juu ya maji. Anayesoma anataka kujua kina kuanzia sakafu ya bahari. Kwa hiyo lazima ipatikane sehemu ambapo bahari inaishia na udongo unaanzia, kisha urefu wote wa juu yake uondolewe. Mkaguzi huitafuta kwenye gama: ndani ya maji mstari hulala chini, ukigusa udongo huruka. Ukikosea hapo, kila namba iliyo chini yake inakuwa imekosewa kwa kiasi kilekile, na hakuna hata moja itakayoonekana mbaya.

Dukani kwa mama kuna fimbo ya mita ya mbao ambayo ncha yake imelika. Hajaibadilisha kwa sababu ilikuwa ya marehemu mume wake. Badala ya kuanzia kwenye sifuri, huanzia kwenye kumi, na kila kijana mpya wa dukani huambiwa hivyo siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo. Mwaka fulani kijana mmoja alisahau akakata mapazia ya nyumba nzima, kila kipande kimepungua sentimita kumi. Mteja alirudi na mume, mashemeji na mapazia yenyewe. Tangu siku hiyo, mtu yeyote wa familia ile akitaja kipimo, iwe cha kitambaa, cha unga au cha umbali, huulizwa kwanza: "Ulianzia wapi?"

Karatasi ya ngazini

Mwishoni mwa mwaka huohuo Mto Ruvu ulipungua maji na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgawo. Wakazi wa Kariakoo wanaukumbuka: madumu kwenye ngazi, mikokoteni ya maji asubuhi, na dumu la lita 20 lililokuwa linabadilisha bei kabla ya kufika ghorofa ya pili. Mwenye nyumba akaamua kuchimba kisima kwenye andagraundi ya jengo. Kwa haki yake, hakufanya mambo ya kubahatisha. Alilipia hata watu wa kupima shimo kwa kebo kabla bomba halijashushwa, gharama ambayo wengi huikwepa.

Vipimo vilipotoka, mzee huyo alikutana na binti ngazini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye mtaalamu wa visima? Hebu nitazamie hii kabla kesho hawajashusha bomba."

Ilikuwa karatasi moja ndefu yenye mistari ileile anayoijua, na nyingine ya daftari ambayo fundi wa kuchimba alikuwa ameandika kwa mkono udongo aliokuwa anautoa kila alipoongeza bomba. Mpango ulikuwa kuweka bomba lenye matundu kuanzia mita 52 hadi 60, kwenye mchanga wenye maji baridi. Chini ya mchanga huo, kwa mujibu wa mistari, kulikuwa na udongo wa mfinyanzi mwembamba kwenye mita 60, na kuanzia mita 61 mchanga mwingine ambao umeme ulikuwa unapita bila shida. Kwa lugha nyepesi, maji ya chumvi. Ule mfinyanzi wa mita moja ndio uliokuwa mlango kati ya maji mazuri na mabaya.

Fundi alikuwa ameandika kwamba aliukuta mfinyanzi kwenye mita 57.

Binti aliiona tofauti hiyo. Hilo ndilo linalomsumbua hadi leo: aliiona. Akawaza kwamba mafundi hukisia, kwamba kebo ina kompyuta na fundi ana kalamu ya wino. Alikuwa na kikao na msimamizi wake asubuhi ya kesho na sura nzima ya tasnifu haijakamilika. Alisimama na karatasi zile kwa muda wa mtu kumaliza soda.

"Iko vizuri, mzee," akasema.

Kesho yake bomba likashushwa.

Miezi ya kwanza maji yalikuwa mazuri kweli. Wapangaji walimwombea mzee dua, na mama alihakikisha wanajua nani aliyekagua. Mtu akisifia maji, alisema, "Mwanangu aliitazama ile ramani yake." Walipikia maji yale, walichemshia chai na uji. Dumu la kununua likabaki la wageni.

Baada ya masika ya mwaka 2023 chai ikaanza kuwa na ladha. Kwanza wakalaumu majani. Kisha wakalaumu sufuria mpya. Sabuni ikakataa kutoa povu. Mabadiliko ya namna hii huja polepole, na ulimi wa binadamu ni mwepesi kuzoea. Mgeni anatema, mwenyeji anashangaa mgeni ana nini.

Mama ana presha, na kwa miaka minne ilikuwa inatulia kwa dawa. Kliniki ya Machi alipima 132 kwa 84. Kliniki ya Julai muuguzi alipima, akanyamaza, akamwambia apumzike dakika kadhaa, akapima tena mkono uleule, kisha mkono mwingine. Ilikuwa 168 kwa 98.

Daktari alimuuliza kuhusu dawa, na mama akakiri kwamba siku za mzigo mwingi huwa anasahau. Akamuuliza kuhusu chumvi. Mama akaapa: ameacha, mboga anaziunga bila chumvi, hata watoto wanalalamika. Daktari akauliza swali la tatu, ambalo wagonjwa wengi wa mijini hawalitarajii: nyumbani mnatumia maji gani?

Hakusema kwamba maji ndiyo chanzo. Presha ina sababu nyingi, na vidonge vilivyorukwa ni sababu tosha. Alisema tu wakayapime.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku kadhaa: sodiamu miligramu 600 kwenye kila lita moja. Kwa kawaida ulimi huanza kuihisi ikifika karibu 200. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukijumlisha vyakula vyote. Mtu anayemeza lita mbili za maji yale kwa siku, kwenye chai, uji na mchuzi, anakuwa ameshakula karibu gramu 3 za chumvi bila kugusa kikopo cha chumvi.

Kuna jambo moja hapa ambalo wazazi wengi wanalikosea, na familia hii ililikosea pia. Walikuwa wanayachemsha maji yale kwa bidii, wakiamini wanayasafisha. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa mji wenye historia ya kipindupindu ni lazima. Lakini chumvi haichemki ikaondoka. Maji yanapopungua kwenye sufuria, chumvi inabaki palepale, kwenye maji machache zaidi.

Ghorofa ya kwanza ya jengo lile alikuwepo mama mwenye mtoto wa miezi saba aliyekuwa ameanzishiwa uji. Figo za mtoto wa umri huo hazijakomaa kushughulika na chumvi nyingi. Binti aliposoma karatasi ya maabara, hakufikiria kwanza tasnifu, wala heshima yake, wala hata presha ya mama. Alifikiria kikombe cha yule mtoto, cha rangi ya njano, ambacho kila siku hukiona kimeanikwa dirishani.

Mita tatu

Usiku ule hakufungua mistari ya Maldivi. Alitafuta kwenye simu picha ya karatasi za kisima alizokuwa amezipiga ngazini, akaziweka kwenye kioo, na kufanya kile ambacho angekifanya kwa shimo lolote la baharini. Alichukua maelezo ya fundi upande mmoja na mstari wa gama upande wa pili. Akausogeza mstari juu kwa mita tatu. Mfinyanzi ukakaa kwenye mfinyanzi. Mchanga mkavu wa juu ukakaa kwenye mchanga mkavu. Kokoto nyembamba ambayo fundi alikuwa ameitaja kwenye mita 31 ikakaa sawasawa kwenye bonde dogo la gama. Kila kitu kililingana. Fundi hakuwa amekisia chochote.

Akamwamsha mdogo wake wa kidato cha nne, wakachukua futikamba ya mama na tochi ya simu, wakashuka hadi andagraundi. Mdomo wa kisima uko kwenye sakafu ya chini kabisa. Juu yake, kwenye zege la usawa wa barabara, kuna tundu ambalo sasa limefunikwa kwa bati. Gari la watu wa kupima lilikuwa limesimama juu, uani, na kebo ilishuka kupitia tundu hilo.

"Shikilia sifuri hapo juu, usiiachie," alimwambia mdogo wake.

Kutoka kwenye zege la juu hadi mdomo wa kisima: mita tatu.

Watu wa kebo walihesabu kutoka walipokuwa wamesimama, uani. Fundi aliyeshusha bomba alihesabu kutoka alipokuwa amesimama yeye, chini. Hakuna aliyedanganya, na kila mmoja kwa upande wake alikuwa sahihi. Mchanga wa maji baridi haukuwa kwenye mita 52 hadi 60 za fundi. Ulikuwa kwenye 49 hadi 57. Kwa hiyo bomba lenye matundu lilikuwa limeupita ule mlango wa mfinyanzi na mita zake mbili za mwisho zilikuwa zimefunguka kwenye mchanga wa chumvi. Pampu ilivyozidi kuvuta, ndivyo chumvi ilivyozidi kupanda.

Shimo la Maldivi, ambalo hakuna binadamu atakayekunywa maji yake, alikuwa amelikagua kwa miezi minane. Shimo lililo chini ya kitanda cha mama yake alilikagua kwa muda wa soda moja.

Asubuhi alikwenda dukani. Mama alikuwa anapimia mteja kitambaa cha sare za shule. Binti akasubiri mpaka mteja aondoke, akaeleza yote akiwa amesimama: karatasi, mita 57, mita 60, futikamba, tundu la zege. Mama aliendelea kuzungusha jora mkononi kwa muda. Wanaomfahamu wanasema akiwa na hasira huwa haongei, hupanga vitambaa.

"Ulianzia wapi?" akauliza mwishowe.

"Sikuuliza, mama. Nilidhani wote wameanzia sehemu moja."

Mama akaweka jora chini, akamwita kijana wa dukani ashike kaunta, na akamchukua binti yake kwa mkono hadi kwa mwenye nyumba, kama mtu anavyompeleka mtoto aliyevunja dirisha la jirani. Hakumsemea. Alikaa kwenye kiti cha plastiki na kumwacha aongee mwenyewe. Baada ya hapo wakapita mlango kwa mlango, familia zote za jengo, kuanzia ghorofa ya kwanza. Mama wa mtoto alisikiliza, akaenda jikoni, akamwaga sufuria. Hakusema neno. Mtoto huyo, kwa bahati, hakuwa na tatizo lolote hospitali walipomwangalia.

Mjomba alikuja Jumapili. "Ndiyo elimu yenyewe hiyo?" akasema, na safari hii binti hakuwa na la kujibu.

Aliyejibu ni mama, na alijibu kwa habari ya Kigamboni, ambayo binti yake aliwahi kumsimulia wakati wanachambua mchele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 visima vya kutafuta mafuta vilichimbwa Kimbiji. Mafuta ya kuuza hayakupatikana. Miaka mingi baadaye wataalamu wa maji walirudi kwenye kumbukumbu za visima vile vya mafuta, wakazisoma upya, na wakaona chini kabisa, mamia ya mita, tabaka nene la mchanga wenye maji baridi. Leo visima virefu vya Kimbiji ni sehemu ya maji ya jiji hili. "Waliochimba waliiacha," mama alisema. "Aliyerudi kunyoosha mistari ndiye aliyeona maji."

Mjomba alikunywa chai yake, iliyochemshwa kwa maji ya dumu, akasema duka la pili linaweza kusubiri. Watu wa familia hawakubaliani kama huko kulikuwa kukubali au kuchoka.

Fundi alirudi na kuziba sehemu ya chini ya kisima kwa saruji, kuanzia mwisho hadi juu kidogo ya mfinyanzi. Alipoelezwa kilichotokea alicheka kwa masikitiko: miaka yote hiyo ya kazi, alisema, hakuna mtu wa kebo aliyewahi kumuuliza anahesabu kutoka wapi. Chumvi imepungua sana, ila haijarudi ilivyokuwa mwanzo. Mchanga ukishaingiliwa na chumvi huchukua muda kujisafisha, na kwa Kariakoo, ambako karibu kila jengo jipya linavuta maji kutoka ardhi ileile, muda huo haujulikani. Wapangaji wanatumia kisima kwa kufulia, kuogea na chooni. Ya kunywa na kupikia wanakinga bombani yanapotoka, na yasipotoka wananunua. Mwenye nyumba hupeleka chupa maabara kila baada ya miezi mitatu na kubandika majibu ngazini, mahali palepale alipokutana na binti siku ile.

Tasnifu ilichelewa muhula mmoja. Binti aliongeza ukurasa mwanzoni, kabla ya michoro yoyote, unaoeleza kila kina kimehesabiwa kutoka wapi na nani alihesabu. Msimamizi wake alisema ukurasa huo ni mrefu kupita kiasi. Aliuacha.

Siku hizi kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai na kabla ya dawa, mama hukaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza ya cherehani. Binti humfunga mkanda wa mashine ya presha, kisha wote hukaa kimya dakika tano, jambo gumu kuliko yote kwa mfanyabiashara wa Mtaa wa Uhuru. Jumapili iliyopita mashine ilisoma 146 kwa 90.

"Umenikaza sana," mama akalalamika. "Pima tena."

Wakasubiri. Mara ya pili ikasoma 138 kwa 86. Binti akashika kalamu, akaanza kuandika hiyo ya pili kwenye daftari.

"Andika zote mbili," mama akasema.